Mkulima Aliyeolewa Jeshini

Wasifu wa marehemu uliosomwa siku tunamzika Mama ulikuwa na aya nne. Ya kwanza ilitaja kijiji na mwaka aliozaliwa. Ya pili ilisema aliolewa na askari wa Jeshi la Wananchi, "akamfuata mume wake katika vituo mbalimbali vya kazi." Ya tatu ilihesabu watoto, wajukuu na vitukuu. Ya nne ilimshukuru paroko, majirani na kamati ya mazishi. Simlaumu mdogo wangu aliyeuandika. Wasifu wa msibani huandikwa usiku wa manane kwa mwanga wa simu, huku mtu wa turubai anadai hela yake. Lakini ile aya ya pili ilinikera pale pale makaburini, na bado inanikera.

Anayefuata hana mzigo. Baba ndiye aliyekuwa anasafiri hivyo: begi moja mgongoni, buti zimefungwa pamoja kwa kamba zake, kwaherini. Aliyehamisha nyumba ni Mama. Sufuria, magodoro, vyeti vya kliniki, kuku wawili watatu ndani ya tenga, na watoto ambao kila mmoja alipewa kitu cha kushika ili asipotee. Na mbegu. Maharage aliyachanganya na majivu, akayatia kwenye chupa za bia, akaziba kwa gunzi alilolichonga mwenyewe likaenea mdomo wa chupa. Chupa zile hazikuwekwa kwenye gari la mizigo hata siku moja. Zilikaa mapajani mwake safari nzima.

Kwa hiyo hapa naandika aya yangu ya pili, ndefu kidogo kuliko ile.

Mama alizaliwa mwaka 1952 kwenye milima ya Umatengo, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Kwa asiyefika huko: ni nchi ya kupanda na kushuka, na kiwanja cha mpira lazima kwanza kichongwe mlimani. Wamatengo walibanana kwenye miinuko ile karne ya 19 wakiyakimbia mashambulizi ya Wangoni. Watu wengi, ardhi ndogo, mteremko mkali, mvua kubwa; ilibidi watumie akili la sivyo udongo wote uishie mtoni. Walichobuni kinaitwa ngoro.

Nieleze, maana bila ngoro huwezi kumwelewa Mama. Mwezi wa tatu hivi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume huingia kwenye shamba lililopumzika na kufyeka majani kwa nyengo. Yakishanyauka hupangwa kwa mistari ya kushuka na mistari ya kukatisha, mpaka mlima mzima unabaki miraba miraba. Kuanzia hapo kazi ni ya wanawake. Mwanamke husimama katikati ya mraba, huchimba udongo chini ya miguu yake na kuufunikia yale majani pande zote nne. Akimaliza, amesimama ndani ya shimo lililozungukwa na matuta, na maharage hupandwa juu ya hayo matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kutimka na udongo, na majani yaliyozikwa huoza taratibu yakawa mbolea. Maharage yakishavunwa, mahindi hupandwa mwishoni mwa mwaka juu ya matuta yale yale. Halafu shamba hupumzishwa mpaka majani yaote tena. Mzunguko mzima ni miaka miwili. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walifika kupima mashimo hayo na kuuliza maswali. Mama aliwaona wakipita na kamba zao. Alisema wana adabu, ila wanauliza jambo moja mara nyingi.

Hapo ndipo alipokulia. Kwao palikuwa na ngoro juu, kahawa karibu na nyumba, migomba bondeni. Kahawa ilikuwa ya Babu kwa jina, na ya wote kwa kazi: kuchuma, kumenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kuvundika, kuosha, kuanika kichanjani na kukimbilia kuifunika wingu likitanda. Aliishia darasa la nne, shule ya misheni. Hesabu alizijua za magunia na madebe, na sijawahi kuona mtu akimpunja kwenye mzani.

Kijana aliyekuja kumposa alitoka kilima cha pili, na alikuwa amevaa magwanda. JWTZ, yaani hilo Jeshi la Wananchi, lilikuwa bado jeshi changa. Lilianzishwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule, na mpaka posa inafika mwanzoni mwa miaka ya sabini watu wa vijijini walikuwa bado hawajaamua kama kuwa mwanajeshi ni kazi au ni kupotea. Wazee waliwakumbuka vijana waliochukuliwa na KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, kwenda kupigana Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Babu hakuuliza kuhusu mshahara. Aliuliza, "Na huko mnakokwenda, atalima wapi?" Mshenga alijibu kwamba mke wa askari halimi, analishwa na Serikali. Bibi ndiye aliyesimulia kwamba Mama, aliyekuwa chumba cha pili akisikiliza, aliangua kicheko hadi posa nusura iharibike.

Kituo cha kwanza ninachokijua kwa masimulizi ni Nachingwea. Miaka ile Nachingwea ilijulikana kwa wapigania uhuru wa FRELIMO waliofanyia mafunzo huko, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Mama yeye alishangazwa na kitu kingine. Alikuta uwanda ambao Waingereza waliufyeka kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940 ili walime karanga za kulisha viwanda vyao, wakajenga na reli mpya mpaka bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 mpango mzima ukavunjwa kwa hasara. Wenyeji walimweleza habari hizo akiwa amesimama na jembe lake begani. Msimu uliofuata alilima karanga kipande kidogo nyuma ya kota, akavuna. Alipenda kuisimulia habari hii kwa wageni, na kila alipoisimulia kile kipande kiliongezeka ukubwa.

Lakini Nachingwea ndiko alikojifunza kanuni ya maisha yake mapya: uhamisho hauangalii msimu. Amri hufika mahindi yakiwa yanabeba, au maboga ndiyo kwanza yanatambaa. Utasikia wake wa askari wengine wakilalamika juu ya shule za watoto, juu ya makochi yaliyovunjika njiani, na ni haki yao. Mama alilalamikia mazao. Kila tulikohama aliacha shamba bichi, na kila mara alifanya jambo ambalo nilipokuwa mtoto niliona ni upuuzi. Usiku wa mwisho alimchukua jirani anayebaki, akazunguka naye bustanini na taa ya chemli, akamwonyesha mstari kwa mstari: hapa pameshapaliliwa, hapa bado, hawa kunguni wa maharage uwatoe asubuhi kabla ya jua. Hakuna aliyewahi kumtumia hata kikombe cha alichovuna. Na tulipofika kituo kipya, mara chache sana tulikuta bustani iliyoachwa hivyo kwa ajili yetu. Mara nyingi tulikuta kifusi.

Alikuwa mkali. Nisimpambe kwa sababu amekufa. Kila mtoto alikuwa na tuta lake nyuma ya kota, na mchicha wako ukinyauka ulikula ugali mkavu siku hiyo huku wenzako wanatowea. Akipiga alipiga kweli. Kwa wake wa maofisa hakujipendekeza, na jambo hilo kambini lina gharama zake; mtu asiyekwenda kusuka nywele kwenye baraza fulani hakumbukwi mgao wa sukari ukifika. Katika kambi moja kiongozi wa ukaguzi aliukuta mteremko mdogo karibu na uzio umejaa mashimo na matuta, akadhani watoto wanachimba mahandaki. Mama alimpigia saluti kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa na jembe, akamweleza kazi ya kila shimo. Ofisa akaamuru yafukiwe, kwa sababu za mbu na za nidhamu. Yakafukiwa. Mwezi uliofuata yalikuwa yamehamia upande wa pili wa choo, ambako wakaguzi hawapendi kukaa sana.

Sasa vita.

Oktoba 30, 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wakati huo tulikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa mdogo, na mengi hapa nayachota kwa dada yangu. Anasema Baba aliondoka usiku, magari mengi yakiunguruma bila taa, na asubuhi kambi ilikuwa ya wanawake na watoto. Wanawake walikusanyika kwenye bomba la maji, wakakaa. Hakuna aliyechota.

Mama alikaa nao siku kadhaa, kisha akaanza kufunga mizigo. Wenzake walimshangaa. Taarifa yoyote ya Baba ingeletwa kambini, kwenye mlango ule. Vipi mke aondoke? Jibu lake dada analikumbuka neno kwa neno: "Habari mbaya haikosi njia. Mahindi ndiyo hayatanisubiri." Kule Mbinga ilikuwa inaingia mvua ya kupandia. Tukapanda treni ya TAZARA hadi Makambako, na kutoka pale lori hadi Songea, kwenye barabara ambayo wakati ule haikuwa na lami. Tope lilituweka njiani tukasukuma. Mama alikuwa na mimba ya huyo mdogo wangu wa wasifu. Alisukuma pia.

Watu wakisikia kisa hiki husema alikuwa jasiri. Mimi naona alikuwa anapiga hesabu. Mshahara wa Baba ungechelewa au usingekuja kabisa, vita haina tarehe ya kwisha, na yeye alikuwa na vinywa vya kulisha. Palipokuwa na uhakika wa chakula ni sehemu moja tu duniani, nayo ilikuwa inataka kupandwa mwezi ule.

Kwa Babu kulikuwa na redio moja. Mawe yake yakiisha nguvu yalianikwa juu ya bati mchana kutwa ili jioni yatoe pumzi ya mwisho. Saa mbili usiku, taarifa ya habari ya Radio Tanzania, nyumba ilijaa majirani mpaka uani, maana si Baba peke yake aliyekwenda. Serikali iliita na mgambo, maelfu kwa maelfu, na wajomba zangu wawili walikuwemo. Dada anasema Mama alisikiliza habari za mapigano bila kupepesa jicho. Yalipofika matangazo ya vifo, ambayo ni ya raia wa kawaida tu, fulani wa Moshi amefariki, mazishi ni kesho, ndugu walioko Tanga wapashwe habari, alinyanyuka kwenda kuchochea moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Alikwenda hivyo hivyo kila usiku.

Machi 1979 ikafika, wakati wa ngoro, na wafyekaji hawapo. Nilisema kufyeka na kupanga majani ni kazi ya wanaume. Mwaka ule wanawake wa ukoo walichukua nyengo wakafyeka wenyewe, wakapanga miraba, wakarudi tena kuchimba. Wazee waliangalia pembeni, wakaona ni heri wasiseme kitu. Miraba ya mwaka ule, kwa maelezo ya Mama, ilinyooka kuliko ya miaka yote, na hata Baba alipokuwa mzee hakuruhusiwa kubisha.

Barua moja ilifika kipindi hicho. Ninayo. Ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi, haina mahali ilikoandikiwa, maana askari vitani hakuruhusiwa kutaja. Imeandikwa kwa penseli. Baba anasema hajambo, anasema nchi aliyopo ni ya migomba mpaka macho yachoke, udongo wake ni mwekundu na wenye rutuba, "na ungeuona ungeulilia." Kisha anauliza kama maharage yameota. Hakuna neno la vita, hakuna neno la mapenzi pia. Mama alimjibu kwa hesabu: debe alizopanda, zipi za kulia chakula, zipi za mbegu, na ng'ombe wa jirani ameingia shambani mara mbili. Baba alisema aliisoma barua hiyo pembezoni mwa barabara ya kwenda Kampala, kwa sauti, na wenzake watatu waliotoka mikoa mingine wakataka kujua kesi ya ng'ombe iliishaje.

Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Kijijini kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakacheza ngoma. Maharage yalikuwa yanatoa maua. Mama alicheza ngoma kidogo kwa sababu ya macho ya watu, kisha akarudi kupalilia, na hapo alikuwa na tumbo la miezi minane. Mapigano yaliendelea mpaka mwanzoni mwa Juni, na wanajeshi wetu wengi walibaki Uganda kulinda usalama. Wa mwisho waliondoka mwaka 1981. Baba alirudi mwaka 1980. Alimkuta mtoto anayetembea, ambaye alimwona akaanza kulia.

Hakusimulia. Nimesoma mengi juu ya vita ile na kuhusu waliokufa, wengine wamelala kwenye makaburi ya Kaboya wilayani Muleba, lakini kwa Baba nilipata vipande vipande tu: usingizi unaokatika, kuamka saa tisa na kutoka nje, kutopenda mlango uliofungwa. Mama hakuwa na elimu ya mambo hayo, wala kambini hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Alichofanya ni kumwachia gunia la maharage yasiyopukuchuliwa karibu na mlango wa nyuma, na ungo. Tukiamka asubuhi tulikuta maganda yamefagiliwa upande mmoja na maharage yamejaa ungo, hayana hata taka. Ilichukua muda mrefu. Maganda yakazidi kupungua, na baadaye gunia likaondoka pale mlangoni bila kutangazwa.

Kulikuwa na hofu nyingine ambayo wake wa askari waliinong'ona miaka michache baadaye, pale wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipojulikana mkoani Kagera mwaka 1983. Kila mwanamke kambini alihesabu miezi kimyakimya. Mama hakulizungumza na sisi, na mimi nisilisemee.

Mwalimu aliomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18 ili nchi ipone gharama za vita. Miezi 18 ikapita, mkanda haukulegea. Sabuni ya mche ilikatwa vipande. Kanga ilisubiriwa kwenye foleni. Unga wa njano wa msaada ulipoletwa, watu wa Dar wakauita wa Yanga kwa rangi yake, na Mama, bila ushabiki wa mpira wowote, aliukataa kabisa. Tulikuwa tumerudi Dar, naye alikuwa amepata kipande cha shamba nje ya mji, upande wa Tegeta, wakati ule kukiwa bado na mapori na minazi. Alikwenda kwa miguu alfajiri. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, ya kuwakamata wazururaji wasio na kazi mjini na kuwapeleka wakalime. Mgambo wakamsimamisha barabarani: kitambulisho cha kazi? Hakuwa nacho. Wakamwambia atapelekwa shamba. Mama akashusha jembe begani, akawauliza kama wana gari, maana huko ndiko anakokwenda na miguu inamuuma. Kisa hiki wale mama waliokuwa naye walikileta mpaka msibani, wakakisimulia kwa kupokezana, na ndicho kilichotupa kicheko cha kwanza.

Mwaka 1987 Baba alikwenda tena, safari hii Msumbiji, ambako JWTZ lilipeleka vikosi kuisaidia serikali dhidi ya waasi wa RENAMO. Hatukufunga mizigo. Tulikuwa wakubwa, tuna mitihani, na Mama alikuwa anauza mboga kambi nzima, wake wa maofisa wakiwemo. Aliendesha nyumba ile bila mshahara wa Baba kuonekana miezi kadhaa, na tuliojua hivyo ni wachache.

Baba alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini akiwa ofisa mteule, wakarudi Mbinga. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na naomba radhi kwa marehemu wote wawili, kwa sababu hii ni sehemu ninayoifurahia. Baba alikuwa hajui kulima. Aliondoka kijijini kijana, akakaa miongo miwili akilishwa na mess au na Mama. Sasa alikuwa kuruta. Mama alimwamsha saa kumi na moja, akamkagua panga na nyengo kama zimenolewa, akamrudisha kupanga upya mraba uliopinda. Alipochoka akataka kukaa chini ya mti, Mama alimwita kwa sauti ya kilima kizima: "Afande! Jua bado!" Vijana waliokuwa wanapita walisimama kuangalia. Baba, mtu aliyekuwa anatetemesha kikosi, alisimama.

Kahawa waliikuta na hali mbaya. Miti ya zamani ilikuwa imeshambuliwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, dawa ni ghali, na soko huria lilikuwa limeleta wanunuzi wa kila namna na bei ya kupanda na kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilianguka dunia nzima mpaka watu wakaiacha kahawa ichakae. Mama hakung'oa. Alipalilia kwa imani ambayo mimi, niliyekuwa namtumia hela ya mbolea, niliiona ni ubishi tu. Baadaye miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili magonjwa hayo, ilipoanza kugawiwa kutoka kituo chao cha Ugano, aliipanda kati ya mistari ya ile ya zamani na akasubiri.

Baba alifariki mwaka 2009. Walikuja wanajeshi, wazee wenzake na vijana wachache wa kikosini, ikapigwa saluti, ikasomwa orodha ya vituo alivyotumikia. Nilisimama pembeni ya Mama. Kila kituo kilipotajwa alitikisa kichwa kidogo, na nilijua haoni kambi; anaona mahindi yaliyobaki yanabeba. Kufuatilia mirathi kwenye ofisi moja kulitaka cheti cha ndoa ambacho kilipotelea kwenye uhamisho mmojawapo, na ni kitabu cha parokia kilichomwokoa baada ya kuzungushwa sana.

Shamba lilikuwa suala gumu zaidi. Kwa desturi ya kwetu ardhi inakwenda upande wa wanaume, na wajomba walidai sehemu ya babu yao iliyokuwa inalimwa na Mama. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye halmashauri ya kijiji na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume na kubatilisha desturi inayomnyima. Aliisomewa na katekista jioni baada ya jioni, akaikariri vifungu. Alipata hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake peke yake na picha yake ya pasipoti, ambayo ameinunia kamera. Aliihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na nishani za Baba. Miaka ile serikali ya mtaa ilipowaita wajane wa wanajeshi kwenye sherehe za Mashujaa, Julai 25, wakaulizwa nani azungumze kwa niaba yao, Mama alikataa kipaza sauti. "Mashujaa wako Kaboya," alisema. "Mimi nina kahawa kichanjani na wingu lile mnaliona."

Amefariki mwaka juzi. Hapakuwa na gwaride, na sidhani lilihitajika, ingawa nilitamani walau mtu mmoja mwenye kofia ya jeshi afike; kuna wake walioliendesha jeshi hili kwa miaka mingi bila namba. Wanawake wa kijiji walikuja na majembe yao. Kabla ya ibada waliingia kwenye kipande kilichokuwa hakijamalizwa, wakachimba ngoro zilizobaki, wakanawa, wakaja kanisani na udongo kwenye pindo za kanga.

Sasa tuna mgogoro wa kawaida wa watoto. Mdogo wangu anataka tung'oe kahawa yote tupande parachichi, kwa sababu Njombe wamepata hela na amepiga mahesabu kwenye simu. Dada, ambaye ndiye anayeishi pale na ndiye msimamizi wa mirathi, anasema kahawa chotara ndiyo kwanza inaanza kulipa na miparachichi itachukua miaka. Mimi niko upande wa dada, lakini naishi mjini na nyengo siijui kuishika, kwa hiyo kura yangu haina uzito mkubwa na nimeshaambiwa hivyo. Kikao ni Jumamosi, kwa simu. Dada amesema atakayechelewa kuingia asilaumu mtu.